Kamera Iliyoona Kupitia Kifuniko

Kamera ikifunikwa jicho haioni. Utaiwasha, utafungua kile kioo chake cha pembeni, na utakachokuta ni weusi mtupu, kama umetumbukiza kichwa kwenye gunia la mkaa. Jambo hilo halihitaji shule. Ila halijui mtu ambaye hajashika kamera tangu azaliwe, na Bi Shela, siku aliyotoka kwenda kununua ya kwanza, hakuwa ameshika hata ya mtoto ya kuchezea.

Jina la Bi Shela alipewa na maharusi. Alikuwa mshonaji wa mashela, na mkono wake ulisifika mtaani kwake na mitaa ya jirani. Lakini shela huvaliwa siku moja, likakunjwa, likalala sandukuni nondo wakapata riziki; video ya harusi hutazamwa kila mgeni akija, mpaka mgeni mwenyewe aombe ruhusa ya kuondoka. Bi Shela aliwaona wapiga video wakipishwa ukumbini, wakipelekewa sahani kabla ya wajomba, na yeye aliyemvika bi harusi amesimama mlangoni na pini mdomoni kama mbwa aliyekamata mfupa. Akasema basi. Na yeye atapiga video.

Mume alikuwa naye, mchomeleaji wa mageti, mtu mkubwa wa maneno machache. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kike, aliyeng'oka meno ya mbele. Walimwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Aliongea na vijiko, aliongea na viatu, akilala aliongea na usingizi. Bi Shela alijitia kuchoshwa na kelele zile, ila zikikatika kidogo tu alikuwa anainua kichwa kutoka kwenye mshono na kuuliza, "We Chiriku, uko hai?" Hakuwa na kingine duniani cha kumtetemesha. Waliomjua walilijua hilo, na yeye mwenyewe asingekubali hata umtese.

Dukani alikwenda na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye watu humwita Injinia. Uinjinia alijipa mwenyewe siku alipofungua redio ikakataa kufungika.

"Shemeji, hii hapa," Injinia alisema, akinyooshea kidole kamera kubwa ya kubeba begani. "Ukiingia nayo ukumbini, bwana harusi mwenyewe anakupisha."

"Na bega nitaazima lako?"

Muuzaji alicheka kidogo. Alikuwa mwembamba, ana taulo shingoni na macho ya mtu ambaye usingizi umemkimbia. "Mama, unataka ya kujifunzia au ya kazi?"

"Ya kujifunzia kazini."

"Basi usinunue ukubwa. Tazama kwanza inavyoona penye mwanga hafifu, maana kumbi zote ni giza wanaloliita mapambo. Halafu iwe na tundu la kipaza sauti, usije ukarekodi feni badala ya kiapo. Na mambo ya kuvuta karibu usidanganywe. Kuna kuvuta kwa kioo na kuvuta kwa uongo. Kule kwa uongo, bi harusi anatoka kama amepakwa uji usoni."

Maneno ya kweli hayo, na angekomea hapo asingelaumiwa na mtu. Bi Shela alizishika zile ndogo mpya, moja ikamteleza mkononi kama sabuni, nyingine haikuwa na tundu lolote. Ndipo alipoiona ya kijivu, rafu ya chini kabisa, imeviringwa kitambaa kama maiti ya paka.

"Na hiyo?"

"Hiyo niliachiwa na mpiga video mmoja," muuzaji alisema, akishika taulo lake. "Hakurudi."

Bi Shela aliiokota. Ilimkaa kiganjani vizuri, kama mkasi wake mwenyewe. Aliiwasha, akafungua kioo cha pembeni, na duka zima likaonekana: rafu, waya zinazoning'inia, jasho kwenye paji la uso la muuzaji, kila kitu safi, ila kimeiva wekundu kidogo. Kisha akaigeuza na kukuta jicho lake bado limefunikwa kifuniko cheusi. Akafurahi. Si ameambiwa atazame inavyoona gizani?

"Injinia, njoo uone. Imefunikwa na bado inaona. Nikiifunua si itaona mpaka wiki ijayo?"

"Ndiyo teknolojia, shemeji," Injinia alisema bila kugeuka, bega lake limeshaelemewa na ile kubwa.

Muuzaji aliona. Aliona kifuniko, akaona picha, mdomo ukamfunguka na ukajifunga. Mtu anayetaka kuondokewa na kitu ulimi huwa mzito. Akaitupa bei chini kabla hajaombwa, akaifunga mfukoni kwa haraka, na walipotoka walisikia akivuta mlango wa chuma nyuma yao, mchana kweupe, wateja wengine wakiwa bado barazani.

Mazoezi Bi Shela aliyafanya chumba cha kushonea, alasiri, jua likiingia dirishani. Mashela yalining'inia ukutani, mengine hayajatiwa mikono. Chiriku alicheza mbele yake akijiimbia na kujipigia makofi. Bi Shela alifumba jicho la kulia, la kushoto akalibandika kwenye kitundu cha kutazamia.

Shela la pembeni, lile la pindo refu, lilikuwa na miguu.

Miguu ya mtu mzima, iliyokauka, kucha zimeng'ang'ania sakafu. Bi Shela aliondoa jicho. Shela limening'inia, chini yake sakafu na vipande vya uzi. Akarudisha jicho. Miguu ilikuwepo, na sasa haikuwa chini ya shela, ilikuwa nyuma ya mtoto.

"Chiriku, njoo huku," alisema polepole.

Mtoto hakuwahi. Kofi lilisikika kabla halijaonekana, pwaa, kama nyama mbichi inavyotupwa juu ya meza ya bucha, na Chiriku akaruka akapiga ukuta, akateleza chini, damu ikimchuruzika kutoka kwenye pengo la meno.

"Mama, umenipiga," alisema, kwa mshangao zaidi kuliko kilio.

"Nimekupiga na nini? Mikono yangu yote si hii hapa?"

Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Na ndani ya kamera, ambayo muuzaji aliapa haina mkanda wala kitu chochote kinachozunguka, ni kadi tu ya kuhifadhia picha, kulikuwa na sauti ya meno yanayosagana.

Jioni walitazama kile alichorekodi, kwenye runinga, mume na mke na Injinia. Chiriku alilala mapajani mwa baba yake, mdomo umevimba. Walimwona akicheza. Wakaona shela likitikisika, na kutoka kwenye shimo la mkono ambao Bi Shela hakuwa ameushona, ukatoka mkono. Mrefu. Ulijinyoosha kama unavyojinyoosha kuchukua chumvi mezani, bila haraka, ukapiga. Kisha ukageuza kiganja kuwaelekea wao watatu na kuwapungia.

Mume aliinuka akazima runinga.

"Irudishe," alisema.

"Duka limefungwa. Nimepita mara mbili leo, mlango wa chuma na kufuli."

"Basi nitaivunja."

"Baba Chiriku, nina harusi. Nimeshatoa neno kwa watu."

"Neno." Mchomeleaji alimtazama mkewe kama anavyotazama geti lililochomelewa vibaya. "Mtoto kapasuka mdomo, wewe una neno."

"Kaka, tusikimbilie mambo ya kishenzi," Injinia alinong'ona, ingawa alikuwa amepandisha miguu yote juu ya kochi. "Inaweza kuwa kivuli. Na hiyo sauti ni feni, inapoza ubongo wa mashine."

"Feni ina meno?"

Mume aliikaza kamera kifuniko, akaizungushia waya wa chuma, akaifungia kabatini. Haikusaidia kitu. Kufunika hakukuwa na maana tangu dukani, na asubuhi Chiriku alikutwa na alama za vidole shingoni, vidole virefu vilivyozunguka na kukutana tena kwa nyuma.

Sasa hapa ndipo mtu atauliza kwa nini hakuitupa chooni siku ile ile. Bi Shela alikuwa na akili zake, na akili ikiogopa hutengeneza hesabu za ajabu. Alijiambia: kitu kiko ndani ya kamera, nikienda nayo harusini kitakuwa huko, na nyumbani mtoto atapumzika, nikimaliza kazi ya watu naipeleka mbali na kuizika. Alimwachia mumewe mtoto, akamwambia asimwondoe machoni, akatoka na Injinia aliyebeba taa.

Ukumbi ulijaa alasiri ile. Bi harusi alikuwa mpole, binti wa watu asiyeinua macho, na shela alilovaa lilikuwa la mkono wa Bi Shela mwenyewe. Bi Shela alisimama mbele ya meza ya maharusi, akapiga wazee, akapiga watoto, akapiga keki, akiiepusha kamera na bi harusi kama mtu anavyoepuka dimbwi. Mpaka mama wa binti akamfokea. "Wewe mshonaji, umekuja kupiga mwanangu au umekuja kupiga viti?"

Akaigeuza.

Kwenye kitundu aliiona ile miguu chini ya pindo la shela, imesimama juu ya miguu ya bi harusi, visigino juu ya vidole vyake vidogo, kama mtu mzima anavyomfundisha mtoto kucheza dansi, na kabla hajapata pumzi ya kusema kitu bi harusi alinyanyuka, akamshika mumewe kisogoni kwa mkono mmoja, akambamiza uso juu ya meza, akamwinua, akambamiza tena, na meno ya bwana harusi yakaruka juu ya keki kama njugu, huku binti yule ambaye asubuhi alikuwa haongei kwa aibu akinguruma kwa sauti ya mwanaume aliyeshiba: "Nitazameni. Nitazameni. Nitazameni." Mjomba mmoja alimkamata kiuno, akageuzwa mkono mpaka mfupa ukasikika. Msimamizi wa bi harusi alipigwa na sinia. Ndugu wa mume wakadhani ni ugomvi wa ndugu wa mke, viti vikaanza kuruka, na wapiga ngoma wakapigwa na ngoma zao wenyewe. Bi Shela alitaka kuishusha kamera. Mkono ulikataa. Jicho lilikataa kufumba. Alisimama pale kama mti, akiyaona yote makubwa na mekundu, na akaelewa, kwa sababu mjinga hakuwa, kwamba kitu kile kinapiga kwa sababu yeye anatazama, na kwamba akiacha kutazama kitaacha, na kwamba hawezi kuacha.

Kiti kilichorushwa na mtu asiyejulikana kilimpata kifuani akaanguka, kamera ikaanguka upande wake, na bi harusi akaketi chini taratibu, akatazama mikono yake iliyolowa, akauliza, "Nani kampiga mume wangu?"

Injinia alimkokota shemeji yake kwa mlango wa jikoni. Kamera aliibeba kwapani. Njiani alikuwa na kitu kama kicheko. "Shemeji, umepata yote? Yote umeyapata?"

"Nyamaza," Bi Shela alisema.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja uani kuosha damu ya watu. Mume alikuja akamsimamia. Akachota maji akammiminia mikononi. Injinia alibaki sebuleni akishughulika na kamera na simu yake, kisha naye akatoka uani kusimulia, kwa mikono na miguu, nani kampiga nani. Walikuwa watatu uani pale. Bi Shela alikuwa anasugua kucha alipoinua kichwa.

"Chiriku mbona hasikiki?"

Walimkuta chumba cha kushonea. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya mashela, kamera amekumbatia, jicho amebandika kwenye kitundu. Alitaka kumwona bi harusi, maskini wa watu. Hakugeuka walipoingia.

"Mwanangu, lete hiyo," baba yake alisema.

Alipoiondoa usoni, jicho lilikuwa limezungukwa na duara jekundu kama lililochomwa. Alitabasamu kwa mapengo yake. Sauti iliyotoka haikuwa ya kifua kile kidogo.

"Nitazame."

Baba alinyoosha mkono. Mtoto alishika vidole vyake viwili akavivunja kwa kuvirudisha nyuma, kriki, bila kukunja uso, kisha akamshika mtu mkubwa yule kwa mshipi wa suruali na kumrusha juu ya meza ya cherehani, meza ikagawanyika, cherehani ikamwangukia mgongoni. Injinia alipita dirishani, dirisha likiwa limefungwa. Angalau hakukimbia bure: alikimbilia kwa muuzaji, akapiga ule mlango wa chuma kwa jiwe mpaka ukafunguliwa, na muuzaji, ambaye aliposikia neno mtoto alianza kulia, akamwelekeza kwa Bi Mafua.

Bi Mafua alikuwa mtoa majini. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, anayepenga kamasi kwenye leso mwaka mzima. Alifika jua linazama, na mfuko wa plastiki wenye chupa ya kijani ndani. Mlangoni alisikia meno yakisagana, akasimama.

"Huyu namjua," alisema kwa sauti ya chini.

"Unamjua vipi?" Bi Shela aliuliza. Alikuwa ameshikilia mlango kwa mgongo. Ndani vitu vilikuwa vinapasuliwa.

"Nilimtoa kwa mchumba wa mtu. Ndugu wa mwanaume walitaka ushahidi kwamba binti amepona, wakaleta mpiga video. Nikawaambia hii siyo sherehe, hawakusikia. Nikaweka chupa, nikamwambia toka, ingia kwenye kioo." Bi Mafua alipenga. "Na chumbani mlikuwa na vioo viwili, cha chupa na cha kamera. Akachagua kile kinachotazamwa. Ndipo alipojifunza. Sasa hakai popote ila pale watu wanapomtazama, kama tajiri mpya."

"Mtoto atapona?"

"Akikaa na huyu mpaka kuche, hatakuwa mtoto wako tena. Nifungulie."

Bi Mafua aliingia, Bi Shela na mumewe nyuma yake. Alichoma vitu vyake, akaweka chupa sakafuni, akasema maneno yake kwa ukali na kwa kupenga. Chiriku alikuwa juu ya kabati, amechuchumaa, shela limemzunguka shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akashuka, akaiokota ile chupa, akaipasua kwenye paji la uso la Bi Mafua, na kwa kipande kilichobaki akamchana baba yake kuanzia bega mpaka kiwiko alipojaribu kuingilia kati.

Bi Mafua alikaa kitako, damu ikimwingia mdomoni. "Chupa hataki," alisema, kana kwamba anazungumzia chakula. "Ameshazoea utamu."

Bi Shela alitazama. Mtoto alikuwa ameanza kujipiga mwenyewe sasa, ngumi ndogo kwenye shavu, moja, nyingine, huku macho yakiwa kwa mama, na kila ngumi ilipotua sauti nene ilisema nitazame, na chini ya sauti ile nene, mbali, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, ilisikika nyingine nyembamba ikisema mama, mama, mama. Kamera ilikuwa sakafuni kati yao. Bi Shela aliiokota.

"Unafanya nini?" mumewe alinong'ona.

"Anataka kutazamwa. Namtazama." Akalibandika jicho la kushoto. "Bi Mafua, nikimtazama humu atarudi humu?"

"Atarudi. Ila hatakaa humu. Atapita, aingie kwako."

"Atapita wapi?"

"Jichoni."

"Baba Chiriku," Bi Shela alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile anayoagizia uzi dukani, "chukua nyundo."

Mchomeleaji alikuwa nayo kiunoni, kama siku zote. Aliishika kwa mkono mzima na hakuelewa, au alielewa na hakutaka.

Katika kitundu Bi Shela aliliona sasa lile jini lote, maana aliyetazamwa kwa hiari hana haja ya kujificha: refu, limejikunja ndani ya mwili wa mwanawe kama mguu wa mtu mzima ndani ya kiatu cha mtoto, uso wake laini usio na kitu isipokuwa mdomo, na mdomo ule ulianza kufurahi, ukaanza kuja, ukiacha mabega ya Chiriku, ukiacha shingo yake, ukijaza kioo, meno yakisagana karibu, karibu zaidi, mpaka alihisi pumzi yenye joto na harufu ya nywele zilizoungua juu ya mboni yake, na mtoto akaanguka nyuma ya lile umbo kama nguo iliyovuliwa.

"Ameingia kwenye kioo," Bi Shela alisema. "Piga."

"Toa uso wako kwanza."

"Nikitoa anarudi kwa mtoto. Piga."

"Mke wangu."

"Anakuja jichoni. We mwanaume, miaka yote hii unapiga vyuma visivyo na kosa. Piga."

Alipiga. Mtu mwenye nguvu zile hajui kupiga kidogo. Nyundo ilipita katika plastiki, ikapita katika kioo, na vyote viwili vikaingia usoni mwa mkewe. Kelele iliyotoka haikuwa ya Bi Shela. Ilipasua kila kioo cha dirisha kilichokuwa kimebaki, mbwa wa mtaa mzima wakalia, na harufu ya nywele ikajaa nyumba nzima mpaka Bi Mafua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima, akazibuka pua. Kisha kimya. Kisha Chiriku akasema anataka maji, na kwamba mtu amemchafulia mama uso.

Jicho halikuokoleka. Madaktari walitoa vipande vya kioo kwa koleo dogo, wakatoa na jicho, wakafunga upande wote wa kushoto. Bi Shela alipozinduka sawasawa ilikuwa mchana, wodi imejaa wagonjwa na jua. Mumewe alikuwa kwenye kiti, vidole vimefungwa vijiti, mkono umeshonwa mshono ambao Bi Shela aliutazama na kuuona mbaya.

"Nani kakushona hivyo?"

Mchomeleaji alijaribu kucheka, akashindwa, akainamisha kichwa kwenye shuka. Bi Shela alimwachia. Hakuwa na ya kumfariji, na hakuwa na ya kumlaumu.

"Mtoto?"

"Mzima. Anaongea. Tangu alfajiri anaongea, kamchosha mpaka mlinzi wa getini. Yuko hapo nje kwenye benchi na baba yake mdogo."

"Bi Mafua?"

"Kashonwa kaenda. Kasema amekwisha, maadamu hakuna anayemtazama tena." Alijifuta uso kwa mkono wenye vijiti. "Kamera nimeiyeyusha. Kila kipande nimekiokota, nimekiwekea moto mpaka kikawa maji."

Bi Shela alilaza kichwa. Maumivu yalikuwa makubwa, ila yalikuwa yake peke yake, na hilo alilikubali.

"Halafu mdogo wangu anakuomba radhi kwa dirisha," mumewe aliendelea. "Na kasema usihuzunike, kazi yako haikupotea."

"Kazi gani?"

"Ya harusi. Ile kadi alishaichomoa siku ile mliporudi, wewe ukiwa uani unanawa. Ameihamishia kwenye simu yake. Ugomvi wote umo. Anasema watu wanaigombania, ameshairusha kwa nusu ya mji."

Kitanda cha pili kutoka kwake, wauguzi wawili walikuwa wameinamia simu moja, mikono mdomoni, wakicheka kwa kuogopa. Mmoja wao aligeuza kichwa ghafla kama aliyechapwa shavuni, akajishika, akamtazama mwenzake kwa hasira.

"Mbona unanipiga?"

"Nani kakupiga?"

Bi Shela alishuka kitandani kabla mumewe hajainuka. Kutoka kwenye korido alimsikia Chiriku, sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye furaha.

"Baba mdogo, rudisha nyuma kidogo. Yule wa nyuma ya bi harusi anajua jina langu."

Bi Shela alikimbilia mlango. Ulikuwa upande wa kushoto, upande ambao sasa ulikuwa giza, naye hakuwa amejifunza bado kutembea na dunia nusu. Aligonga ukuta kwa uso mzima, akaanguka, na akiwa chini pale, akipapasa kizingiti kwa mikono miwili, alisikia benchi la nje likipinduka.